Mama Alikufa kwa Dakika Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimelala kazini tena. Si uvivu, ndiyo kazi yenyewe. Shemeji, mume wa dada yangu, ana duka la magodoro, na ameamua kwamba godoro halinunuliki mpaka mteja aone mtu amelala juu yake ameridhika. Mtu huyo ni mimi. Dirishani, chali, mikono kifuani, macho nimefumba, tabasamu jembamba. Mtaa mzima unapita ukinitazama. Wananiita Bwana Godoro. Mimi, mshairi!

Lakini mateso yanakaribia mwisho. Mkutubi, yule mama mkali wa maktaba ya mtaa, ametangaza shindano la slamu. Slamu ni shairi unalolisema jukwaani bila karatasi, dakika tatu, mwili mzima ukifanya kazi. (Naeleza kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu.) Nusu fainali Jumatano, fainali Jumamosi. Mshindi anapewa kipindi cha jioni katika redio ya mtaa. Kipindi kizima! Nikishinda, Shemeji atafute mtu mwingine wa kulala.

Tatizo ni Kinyozi. Mtu huyu ana ujasiri usio halali. Miaka yote anaongea na visogo, basi hadhira haimtishi, kwake ni vichwa tu. Wiki iliyopita kwenye mazoezi alipanda akasema shairi kuhusu goti lake. Goti! Linavyouma akisimama tangu asubuhi, linavyolia akiinama kuokota kitana. Watu wakatoa leso. Mimi nilikuwa nimetangulia na shairi kuhusu Ubinadamu, beti kumi na nane, na aliyelia ni mtoto mmoja aliyetaka kurudishwa nyumbani.

Mkutubi akaniita kando. Akasema natoa shairi kama mtu anayesoma masharti ya dhamana ya friji. Akasema mikono yangu inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Akasema nitafute jambo ninalolijua, lililoniuma, kisha nilitoe kwa ujasiri na hisia. Wivu tu huo. Lakini ushauri nimeuchukua, mfa maji haachi kutapatapa.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya mikakati!

Asubuhi, ujasiri. Nimesoma mahali kwamba mtu jasiri hutazama watu machoni bila kupepesa. Nikamjaribu mteja wa kwanza, nikiwa nimelala vilevile. Nilifumbua macho ghafla nikamkazia. Alikuwa mama mmoja na mumewe. Wamekwenda kununua kwenye duka la jirani. Shemeji amesema nikirudia atanihamishia stoo.

Mchana, hisia. Kila neno nimelipangia ishara yake. "Moyo": kiganja kifuani. "Mbingu": mikono juu. "Uchungu": kujikunja, kuhesabu hadi tatu, kunyanyuka polepole. Nimefanya mazoezi ya "uchungu" mbele ya kioo cha duka. Dada alikuwa anapita, akarudi na dawa ya tumbo.

Jioni, jambo lenyewe. Nimekaa chumbani kwangu, hapa nyumbani kwa Dada, kutafuta lililoniuma. Sikupata kitu! Hii ndiyo dhuluma niliyofanyiwa na familia yangu: wamenilea vizuri. Sijawahi kulala njaa. Sijafukuzwa nyumbani. Magoti mazima, yote mawili. Baba alifariki kabla sijaota meno. Nimejaribu kumlilia lakini inakuja ile picha ya ukutani tu, na katika picha hiyo anacheka. Huwezi kumlilia mtu anayekucheka.

Kisha wazo likaja. Mama!

Mama anaishi ng'ambo ya barabara kuu, anashona sare za shule. Mzima wa afya, akipanda ngazi ananiacha. Lakini shairini? Shairini naweza kumuua vizuri sana. Nimeandika bila kunyanyua kalamu. Kichwa: "Kitanda Kitupu". Kuna ubeti ambamo Mama ananifunika kwa shuka lake la pekee siku ya baridi kali, yeye anakaa akitetemeka hadi kunakucha. Mpaka nimelia mwenyewe, jicho la kushoto.

Katikati ya kilio, hodi. Marehemu mwenyewe! Ameniletea suruali aliyonipunguzia kiunoni. Nikasukumia karatasi chini ya godoro. Akauliza mbona macho mekundu, nimekula? Nikamwambia nina kazi nyingi, suruali aiweke hapo. Akaiweka, akasimama kidogo, akaenda zake. Mama hajui kuchagua wakati wa kutembelea watu.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Ushindi!

Ukumbi wa maktaba ulijaa hadi kwenye rafu za magazeti. Kinyozi akatangulia na goti, sehemu ya pili. Kisha mimi. Nikapiga moyo konde, nikapanda, nikatazama watu machoni. Nikaanza chini, karibu na kunong'ona: Mama, godoro lako limebaki na shimo la mwili wako. (Hapo taaluma imenisaidia, nakiri.) Kiganja kifuani. Mikono juu. Nilipofika kwenye shuka nikajikunja, nikahesabu tatu, na nilipoinuka ukumbi ulikuwa umetulia tuli kama maji mtungini. Halafu Mama Matangazo akalipuka.

Huyu ni muuza mboga wa hapo kwenye kona. Jina la Matangazo alipewa na mtaa, kwa sababu ukimwambia jambo lako asubuhi, mchana anakusimulia wewe mwenyewe. Alilia kwa sauti, akashika kichwa, akasema maskini ya Mungu, na nilikuwa najiuliza mbona simwoni siku hizi. Wengine wakamfuata. Majaji wakanipa alama za juu kabisa huku wakipenga kamasi. Nimeingia fainali nikiwa wa kwanza, Kinyozi wa pili.

Baadaye wakapanga mstari kunipa mkono. Pole sana. Pole, kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, wewe mwanamume. Kinyozi alinikumbatia, akasema hakujua, akasema anaona aibu kupanda pale na kigoti chake mbele ya msiba mzito namna hii. Ningeweza kumwambia. Lakini mtu akikupa pole kwa moyo mweupe, kuikataa ni utovu wa adabu. Nikainamisha kichwa, nikasema tumeshamwachia Mungu.

Mama Matangazo aliuliza msiba uko wapi. Nikamjibu kwamba msiba uko moyoni. Jibu zuri sana! Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Alhamisi, 7 Machi

Msiba haukukaa moyoni. Umekwenda kwa Mama.

Nilivyosimuliwa ni hivi. Asubuhi Mama Matangazo alikusanya watu wakavuka barabara kuu na viti vya plastiki kichwani, sukari, majani ya chai na sufuria kubwa. Wakaingia uani kwa Mama, wakapanga viti, wakaketi kimya, vichwa chini, kama inavyotakiwa. Ndani cherehani inalia. Mama Matangazo akanong'ona kwamba wapangaji wa siku hizi hawana haya, wanashona siku ya msiba.

Cherehani ikanyamaza. Mlango ukafunguka. Akatoka Mama, tepu ya kupimia shingoni.

Mwanamke mmoja alikimbia akaacha kiatu. Mama akatazama viti, akatazama sufuria, akatazama nyuso zilizovimba kwa kulia. Akauliza ni nani amefariki. Utamwambiaje mtu kwamba ni yeye? Mama Matangazo, pamoja na mdomo ule wote, alifanikiwa kutoa neno moja tu: mwanao. Alikusudia kusema mwanao ndiye aliyetuambia. Mama hakungoja mengine.

Alikimbia bila viatu. Akavuka barabara kuu, magari yanapiga honi, waombolezaji wote nyuma yake. Na mimi saa hiyo nilikuwa wapi? Kazini! Dirishani, chali, mikono kifuani, macho nimefumba, tabasamu jembamba. Tena leo Shemeji alikuwa amenifunika shuka jeupe hadi shingoni na kuniwekea maua pembeni, kwa ajili ya ofa ya wiki.

Ukelele ule! Ulitoka tumboni, haukuwa na maandalizi yoyote. Nikafumbua jicho moja. Mama alikuwa amebandika viganja viwili kwenye kioo. Nikasema shikamoo. Akakaa palepale chini, barabarani, mbele ya watu. Kisha akaanza kulia upya, akinitukana na kumshukuru Mungu kwa zamu.

Mtaa mzima unajua sasa. Wamenitukana kuanzia duka la Shemeji hadi kwenye kona. Mama Matangazo ametaka sukari yake. Nimejitetea kwamba yule alikuwa mama wa kishairi, hakuna aliyeelewa, watu wetu sanaa bado.

Hata hivyo siku haikupotea yote. Umati ule ulipokuwa dukani, Shemeji ameuza magodoro mawili. Anauliza kama Mama anaweza kuja tena wiki ijayo. Nami nimeona jambo la kitaalamu: wakati wa ule ukelele, mikono ya Mama haikufanya ishara yoyote. Nitaujaribu Jumamosi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutubi ameniita ofisini. Amesema kubuni si kosa, mashairi hubuniwa. Ila zile pole nilizozipokea baada ya kushuka jukwaani hazikuwa shairi. Akanishauri kesho nipande na jambo la kweli, hata kama ni la kulala dirishani. Kulala dirishani! Anataka nijivue nguo mbele ya Kinyozi. Nimemwambia askari habadilishi silaha vitani. Akasema sawa, askari, funga mlango ukitoka.

Nimefikiri sana. Shairi halina tatizo. Tatizo ni kwamba Mama anaonekana. Asipoonekana hadi kesho jioni, picha yake itafifia na hisia zitarudi, binadamu husahau upesi. Kwa hiyo nimevuka barabara nikamweleza kwa heshima zote: asiende sokoni, asisimame dirishani, na cherehani aipumzishe. Mboga nitamletea mimi. Redio ikipatikana, siku ya kwanza nitamsalimia hewani.

Amekata uzi kwa meno. Kisha akasema nimsomee hilo shairi lililomuua.

Nikasimama katikati ya chumba, kati ya sare za shule, nikalitoa lote na ishara zake. Kwenye "uchungu" nilijigonga kwenye meza ya kupigia pasi, lakini sikupoteza hisia. Nilipomaliza, Mama alikuwa ameshika sare, uzi mdomoni. Akasema:

"Kumbe lile shuka unalikumbuka."

Nikauliza shuka gani. Akasema la mwaka ule nilipougua surua. Tulikuwa nalo hilo moja tu, akanifunika, akakaa kitako hadi kulipokucha. Siku zote alidhani nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Nikamwambia ukweli, mimi sikumbuki chochote, nilihitaji neno lenye kina kimoja na "kumbuka". Akasema sawa. Akautoa uzi mdomoni, akarudi kwenye cherehani yake, na hakuipumzisha.

Lakini tazama bahati yangu! Nabuni tu, kumbe ni kweli. Mtu akikosa kusema hicho ni kipaji, basi ana chuki.

Nikiwa mlangoni aliuliza kama fainali ni ya walioshinda peke yao. Nikamwambia nafasi moja huachwa wazi kwa mtu yeyote wa ukumbini, na kwa kawaida huchukuliwa na mlevi. Akashukuru.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeibiwa. Mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na mtu aliyenizaa.

Nianze mwanzo. Nilipanda na suruali mpya. Nikatazama watu machoni. Nikasema, Mama, godoro lako, na mtu wa nyuma akajibu kwamba mbona anayelalia godoro ni wewe. Kicheko. Nikaongeza ujasiri. Kiganja kifuani, kicheko. Mikono juu, kicheko. Kwenye "uchungu" kuna aliyehesabu nami kwa sauti: moja, mbili, tatu! Nikaona hapa dawa ni ule ukelele wa Mama, bila mikono. Nikautoa. Mkutubi alikuja mbio akachomoa waya wa kipaza sauti, alidhani nimepigwa na umeme.

Majaji wamenipa alama ambazo sitaziandika humu. Kinyozi akaleta goti, sehemu ya tatu, lakini goti limeanza kupona na limepungua ladha. Bado nilikuwa na tumaini dogo, nilitegemea mlevi.

Mkutubi akauliza nani anachukua nafasi ya wazi. Mama akasimama.

Kwa upande wa ufundi, alikuwa ovyo kabisa. Hakuna ishara hata moja! Mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho, kosa la siku ya kwanza. Watu hakuwatazama, alinitazama mimi tu. Sauti ni ile ile anayoniulizia kama nimekula. Nayaandika maneno yake hapa ili nije kuyachambua kasoro:

Nilikufa Jumatano.
Taarifa nikaipata Alhamisi, pamoja na viti.
Nikauliza ni nani. Wakanitazama.
Nikajua ni mwanangu, maana mimi nilikuwa nimesimama.
Nikakimbia. Kuvuka barabara ile ni hatua chache,
nami nilizeeka njiani.
Nikamkuta amelala. Akaniamkia.
Mwanangu, ile shikamoo nimeiweka,
ni ya kwanza tangu sijui lini.
Shairi lako pia nimelisikia. Maneno matamu.
Nimeyatafuta masikioni mwangu, sikumbuki yakipita.
Basi kama ni lazima nife ndipo nisifiwe,
nitakufa kila Jumapili mchana.
Njoo uniombolezee. Nitakuwa mezani.
Nitakuwa nimepakua.

Kwanza hakuna aliyepiga makofi. Niliona ameharibu, nikaanza kumhurumia. Kisha ukumbi wote ukasimama. Kinyozi analia kama mtoto. Mama Matangazo analia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kuongeza. Majaji walinyanyua vibao vya juu kabla hawajaulizwa. Kipindi cha redio ni cha Mama. Anaanza wiki ijayo.

Inauma! Inauma sana! Kifo kile nilikitunga mimi. Bila mimi angekuwa mwanamke wa kawaida, mzima, asiye na habari. Sijatajwa hata katika shukrani. Aliposhuka alikuja akanirekebisha kola ya shati, basi. Nilikohoa kidogo pale aliposema kuhusu kupakua. Vumbi la maktaba, hawafagii.

Jumapili, 10 Machi

Dada amenigongea mlango asubuhi, kwamba mchana tunakwenda kwa Mama, nijiandae. Akagonga tena. Nikamwambia siwezi, nina kazi. Amekwenda na Shemeji. Kinyozi naye amealikwa, nimemwona akivuka barabara na goti lake. Hata Mama Matangazo ameitwa, amepita na mfuko wa mboga. Mimi nimebaki na nyumba nzima, kimya, panafaa sana kwa mazoezi.

Na nimeligundua kosa langu! Si uongo, kama Mkutubi anavyodai. Kosa lilikuwa kifo. Kifo kimepitwa na wakati, watu siku hizi wanataka upatanisho. Kuna shindano jingine mwezi ujao, nami shairi ninalo tayari: "Mezani kwa Mama". Mtoto aliyepotea anarudi, anavuta kiti, anakaa na mama yake, wanakula, wanacheka. Ishara nimeshazipanga: kuvuta kiti, kunawa mikono, kumeza tonge kwa shida kwa sababu ya machozi. Ubeti wa kwanza umeniliza macho yote mawili.

Dada amepiga simu. Anasema Mama amenipakulia sahani ameifunika, na kila mlango ukilia anageuka. Anauliza niko njiani au vipi. Nimemwomba asinikatize, niko ubeti wa pili, pale mtoto anapoapa kwamba mama yake hatamsubiri tena.

Ubeti wa tatu umekwama, pale wanapocheka. Sijui Mama akiwa mezani hucheka nini. Sijui hata hupenda kuzungumza habari gani, na vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyoleta hisia. Nimeacha mistari miwili wazi. Kesho nitamuuliza Kinyozi.